Mtafiti wa Magonjwa Akipiga Hodi

Siku moja unaweza kuwa umekaa barazani unapukuchua mahindi. Mara unaona wageni wawili wanakuja pamoja na mwenyekiti wa kitongoji. Mmoja amebeba mkoba wa karatasi. Wanapiga hodi, wanakusalimu, kisha wanaanza kuuliza. Nyumba hii inalala watu wangapi? Mnachota maji wapi? Nani aliugua mwezi uliopita? Mwisho wanaomba damu kidogo.

Wengi wetu tunashtuka. Wazee wanakumbuka habari za mumiani, watu waliosemekana kunyonya damu za wenzao na kuziuza. Katika darasa moja nililofundisha, mama mmoja alisema wazi: "Mwalimu, mgonjwa humfuata daktari. Huyu anayemfuata mtu asiyeumwa, tena nyumbani kwake, anatafuta nini?" Swali lilikuwa zuri. Nami sikuwa na jibu la haraka.

Jibu ni hili. Daktari hutibu mtu mmoja mmoja. Mtafiti wa magonjwa hutazama kijiji kizima, au wilaya nzima. Hujiuliza: kwa nini upande huu wanaugua wengi, na ng'ambo ya mto wanaugua wachache? Elimu hiyo huitwa epidemiolojia. Tuseme zahanati imepata wagonjwa 40 wa kuhara. Je, ni wengi? Bado hujui. Wagonjwa 40 katika kijiji cha watu 200 ni balaa. Wagonjwa 40 katika kata ya watu 8,000 ni jambo jingine. Kwa hiyo mtafiti hawezi kuhesabu wagonjwa peke yao. Lazima ahesabu na wazima.

Watafiti wa namna hii huajiriwa na vyuo vikuu na taasisi za utafiti. Usidhani wote ni maprofesa. Profesa hufundisha, huomba fedha, huhudhuria mikutano. Pamoja naye wapo wanasayansi walioajiriwa kwa utafiti tu. Hao ndio hupanga nyumba zitakazotembelewa, huwafundisha wadodosaji, na hukagua fomu moja baada ya nyingine. Fomu ikisema mama ana miaka 31 na mtoto wake wa kwanza ana miaka 25, hurudishwa kijijini. Kazi hiyo inachosha, wala haina sifa. Lakini ikifanywa ovyo, hesabu yote inaharibika. Tena mara nyingi mkataba wao ni wa miaka michache tu. Fedha za mradi zikiisha, hutafuta mradi mwingine. Na wao hutazama mawingu kama mkulima.

Sasa tuone kazi moja waliyoifanya hapa kwetu.

Mwaka 1991 utafiti mkubwa ulianza vijijini katika Mkoa wa Mwanza. Walioufanya walitoka Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, shirika la AMREF, na chuo kimoja cha Chuo Kikuu cha London kinachofundisha afya na magonjwa ya nchi za joto. Walitaka kujua jambo moja: je, tukitibu vizuri kisonono, kaswende na magonjwa mengine ya zinaa, Virusi vya UKIMWI vitapungua kuenea?

Unajua jinsi bwana shamba anavyoonyesha faida ya mbolea. Hulima vipande viwili vya udongo wa namna moja. Kimoja hukitia mbolea, kingine hukiacha. Watafiti nao walifanya hivyo. Walichagua maeneo 12, wakayapanga mawili mawili yanayofanana: visiwa na visiwa, vijiji vya barabarani na vya barabarani. Katika kila jozi, eneo moja lilichaguliwa kwa bahati nasibu. Huko wahudumu wa zahanati na vituo vya afya walifundishwa kutibu magonjwa ya zinaa, dawa zikapelekwa bila kukatika, na watu wakaelimishwa kuja kutibiwa mapema.

Kwa nini bahati nasibu? Kwa sababu wangeacha kila eneo lijichagulie, pengine lingeanza kujitokeza lile lenye barabara nzuri na mganga hodari. Mwishoni nani angejua kama kilichosaidia ni dawa, au barabara, au mganga?

Katika kila eneo walipima watu wazima wapatao 1,000. Baada ya miaka miwili wakarudi kuwatafuta wale wale. Fikiri kazi hiyo! Wengine wamehama, wengine wako ziwani wanavua, wengine wamekataa. Matokeo yalitangazwa mwaka 1995. Kule ambako matibabu hayakuboreshwa, walioambukizwa virusi katika miaka hiyo miwili walikuwa kama 19 katika kila watu 1,000. Kule yalikoboreshwa walikuwa kama 12. Toa 12 katika 19. Wanabaki watu saba, nao wana majina na watoto.

Hesabu haikuishia hapo. Nchini Uganda, wilayani Rakai, watafiti wa Chuo Kikuu cha Makerere na wenzao wa Marekani walijaribu njia nyingine. Kila baada ya miezi 10 walipita nyumbani wakawapa dawa watu wazima wote waliokubali, wanaoumwa na wasioumwa. Matokeo yao yalitoka mwaka 1999. Maambukizo mapya ya virusi hayakupungua. Je, kuna aliyedanganya? Hapana. Watafiti wa pande zote mbili walikaa wakalinganisha hesabu zao. Rakai virusi vilikuwa vimeenea sana na kwa muda mrefu zaidi kuliko Mwanza. Tena Mwanza mgonjwa alipata dawa siku aliyoumwa, hakungoja miezi 10. Mimi naona kazi ile ya kulinganisha ni ya maana kuliko majigambo ya kupatia mara moja.

Lakini si kila mtafiti hutenda vema. Kuna kijiji nilichowahi kufanya kazi ambako watu walitoa damu, na wageni hawakurudi hata kusema walichokiona. Watu wale walikasirika, na walikuwa na haki.

Kwa hiyo mgeni akipiga hodi, muulize. Ametoka chuo gani? Kibali chake kiko wapi? Utafiti wa afya ya watu lazima uwe na kibali cha kamati ya maadili. Damu itachukuliwa kiasi gani, na itapimwa nini? Jina langu litaonwa na nani? Mtafiti mwema huandika namba mahali pa jina. Majibu tutaletewa lini? Unaweza kukubali. Unaweza kukataa. Hata ukikubali leo, kesho unaweza kujitoa, na zahanati haina ruhusa ya kukunyima matibabu kwa ajili hiyo.

Kabla ya yote utapewa karatasi ya ridhaa. Asiyejua kusoma husomewa mbele ya shahidi, kisha huweka dole gumba. Wewe unajua kusoma. Usiharakishwe. Isome mstari kwa mstari, na ukifika mahali pasipoeleweka weka kidole hapo, uulize. Nakala moja ni yako. Itakuwa na namba ya simu ya kupiga ukiwa na shida au malalamiko. Itunze pamoja na kadi ya kliniki ya mtoto.