Reli Imefika Asilimia 90, Mbona Treni Haiji?



Mara kwa mara tunasikia redioni habari za ujenzi wa reli ya kisasa. Kipande hiki kimefika asilimia 60, kile kimefika asilimia 90. Tunafurahi. Halafu mwaka unapita, na mwingine unapita, treni hatuioni. Basi watu wanaanza kunong'ona: "Eti asilimia 90! Wanatudanganya hao."

Je, ni kweli tunadanganywa? Leo tutazame reli inavyojengwa, na jinsi ya kusoma hesabu zake. Sisi tuliokwisha kujua kusoma tusiishie kusoma majina ya vituo tu. Tusome na hesabu.

Reli ya zamani na reli mpya

Reli ya Kati ya zamani ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, wakati wa Wajerumani, kwa jasho la babu zetu. Ilifika Morogoro mwaka 1907, Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Upana wake, kutoka chuma kimoja hadi cha pili, ni meta 1.

Reli mpya ni pana zaidi. Upana wake ni milimeta 1,435, yaani karibu meta 1 na nusu. Treni zake za abiria huvutwa kwa umeme unaotoka kwenye waya wa juu, nazo zinaweza kwenda kilometa 160 kwa saa. Mwendo huo hautaki kona kali. Ndiyo sababu haikutosha kutengeneza ile ya zamani. Ilibidi kujenga njia nyingine.

Kazi zinavyofuatana

Kwanza, wapimaji hupita na kuweka alama. Pili, wenye mashamba na nyumba hulipwa fidia, na njia husafishwa. Tatu, hujengwa tuta la udongo. Udongo humwagwa tabaka kwa tabaka, na kila tabaka hushindiliwa. Likishindiliwa vibaya, tuta litatitia na reli itapinda.

Nne, hujengwa makalvati na madaraja. Pale Dar es Salaam, kutoka Stesheni kwenda Ilala, reli inapita juu ya nguzo za zege kwa zaidi ya kilometa 2. Kule Kilosa milima imetobolewa mahandaki. Tano, humwagwa kokoto, hupangwa mataruma ya zege, na juu yake hulazwa reli.

Hapo mtu akitazama husema, "Kazi imekwisha." Bado! Sita, husimamishwa nguzo na kuvutwa nyaya za umeme, na kufungwa mitambo ya ishara inayozuia treni mbili zisigongane. Saba, hufanywa majaribio, tena na tena.

Maana ya asilimia 90

Ni kama nyumba. Msingi umechimbwa, kuta zimesimama, bati limeezekwa. Ukiulizwa, utasema nyumba karibu imekwisha. Lakini haina milango wala madirisha. Je, utahamia na watoto? Huwezi. Kazi iliyobaki ni ndogo, lakini bila hiyo nyumba haikaliki.

Ndivyo ilivyokuwa Dar es Salaam hadi Morogoro. Jiwe la msingi liliwekwa Pugu mwezi wa Aprili, mwaka 2017. Mwaka 2021 taarifa zilisema kazi imepita asilimia 90. Lakini abiria walianza kusafiri tarehe 14 Juni, 2024. Mabehewa mapya ya kwanza yalifika nchini mwishoni mwa mwaka 2022, na vichwa vya umeme vilikuja baada ya hapo. Reli ipo, mabehewa hayapo: utapanda nini?

Hata hivyo tusitetee kila ucheleweshaji. Mkataba ulisema miezi 30. Ilichukua miaka 7. Mwananchi ana haki ya kuuliza kwa nini, maana fedha ni zake. Lakini aulize vizuri. Asiulize tu, "Imefika asilimia ngapi?" Aulize, "Ni kazi gani imebaki?"

Kilometa 205 au 300?

Jambo jingine linalochanganya watu ni urefu. Huyu anasema Dar es Salaam hadi Morogoro ni kilometa 205. Yule anasema 300. Nani mwongo? Hakuna. Njia kuu ni kilometa 205. Njia za kupishania treni na za vituoni ni kilometa 95. Jumlisha: 205 na 95 ni 300. Kutoka Morogoro hadi Makutupora ni vivyo hivyo: njia kuu kilometa 336, njia nyingine 86, jumla 422. Basi ukisikia kilometa za reli, uliza kwanza zimehesabiwa vipi.

Faida imeonekana

Njiani kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro kuna vituo vya Pugu, Soga, Ruvu na Ngerengere. Treni ya kawaida inaposimama hapo, mtu wa Soga au Ruvu anaweza kwenda mjini asubuhi na kurudi kwake jioni. Nauli ya daraja la kawaida ilipotangazwa mwaka 2024, Dar es Salaam hadi Morogoro ilikuwa shilingi 13,000, na hadi Dodoma shilingi 31,000. Dodoma abiria walianza kufika mwezi wa Julai mwaka huo huo. Mikataba ya kuendelea hadi Mwanza na Kigoma ilitiwa sahihi kati ya mwaka 2021 na 2022. Kwa hiyo wapimaji na katapila wamefika, au watafika, katika vijiji vingi zaidi.

Wakifika kijijini kwenu

Hapa ndipo kisomo kinapokuwa na kazi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inasema ardhi ya kijiji haichukuliwi mpaka kwanza pawe na makubaliano juu ya fidia: ni ya aina gani, ni kiasi gani, na italipwa lini. Fidia hiyo iwe kamili, ya haki na ilipwe mapema.

Siku ya kuthaminiwa, uwepo mwenyewe. Hesabu minazi yako, miembe yako na vyumba vyako, uandike kwenye daftari. Ukiletewa fomu, isome yote kabla ya kutia sahihi. Ikiwa imeandikwa minazi 12 na wewe unayo 21, sema hapo hapo. Nakala yako itunze kama unavyotunza cheti. Zamani tulitia dole gumba tusijue tumekubali nini. Leo kalamu tunayo wenyewe.

Tujihadhari

Kilometa 160 kwa saa ni sawa na meta 44 kwa kila sekunde. Ukisema "moja", treni imekwenda meta 44. Ukisema "mbili", meta 88. Tena treni ya umeme haina mngurumo mkubwa kama ile ya dizeli. Kwa hiyo tusiruke uzio, tusipitishe ng'ombe juu ya reli. Tutumie vivuko vilivyojengwa juu na chini ya njia. Nyaya za juu zina umeme wa volti 25,000. Watoto wasipande nguzo, na mtu asikate waya. Atakufa yeye, na safari za wengine zitasimama.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Kwa nini reli iliyofika asilimia 90 inaweza kuwa bado haipitishi treni?
2. Njia kuu ni kilometa 336 na njia nyingine ni 86. Jumla ni ngapi?
3. Wathamini wakija kijijini kwetu kesho, nani kati yetu ameshaandika mali yake kwenye daftari?