Kivuli cha Saryan hakiko cheusi

Kobalti munaijua vizuri, ndugu wasomaji: hétérogénite, ile minere nyeusi yenye kuchafua mikono na nguo mupaka bibi analalamika. Lakini mchoraji akisikia "kobalti", anawaza bluu. Mu mwaka 1802, Mfaransa Louis Jacques Thénard alichanganya kobalti na udongo wa alumini, akachoma kwa moto mukali, ikatoka poda ya bluu yenye haipotezake rangi juani. Tangu pale wachoraji wanaitumia dunia yote.

Kati ya wenye walijua kazi ya bluu, mimi naweka mbele Martiros Saryan, mchoraji wa Armenia, ile inchi ndogo ya milima kati ya Uturuki na Iran. Alizaliwa Urusi mu 1880, akasomea Moscow, kiisha akatembea Constantinople, Misri na Uajemi. Kule jua likamufundisha kupaka rangi kamili, bila kuipunguza.

Picha yake kubwa "Armenia", ya 1923, iko mu musée ya taifa kule Yerevan. Mashamba ni manjano na rangi ya machungwa, sawa udongo saa sita kamili. Juu ya paa ya nyumba watu wanacheza. Nyuma yao milima inapandana.

Sasa angalia vivuli. Mutoto ukimupa kalamu, kivuli atakipaka cheusi. Saryan, hapana: vivuli vyake ni bluu, vingine violet. Bluu ikikaa karibu na machungwa, kila moja inaongezea mwenzake nguvu. Nilijaribu kufunika kivuli kimoja na kidole mu kitabu: shamba la pembeni likapauka palepale, kama nguo ya kufuliwa sana. Ile mwangaza yote ilikuwa inatoka kwa kivuli!

Usifikiri alikuwa na maisha laini. Mu 1915, wakati Waarmenia walikuwa wanauawa mu ufalme wa Ottoman, alienda Etchmiadzin kusaidia wakimbizi. Aliona watu wanakufa na njaa na magonjwa, yeye mwenyewe akaanguka mgonjwa. Nyuma ya miaka nane tu, njo akachora jua hili. Kuna wenye watasema alifunga macho. Mimi siamini. Mwenye kufunga macho hawezi kuweka vivuli vingi namna hii.

Mu 1928 alionyesha picha zake Paris. Wakati zilikuwa zinarudi nyumbani, moto ulishika mu meli, karibu zote zikaungua. Kazi ya miaka, ikabakia majivu. Saryan alikuwa na miaka 48. Akarudi Yerevan, akanunua turubai ingine.

Alikufa mu 1972. Nyumba yake iligeuzwa musée tangu 1967, na yeye alikuwa angali mule ndani, anachora.