Goma: Kwa nini kilele cha Karisimbi hugeuka cheupe wakati Mapendo ni mvua tu

Baada ya mvua kubwa ya usiku, wakaaji wa mtaa wa Mapendo, mjini Goma, hufagia maji mlangoni. Kumbe usiku huohuo kilele cha Karisimbi, mpakani na Rwanda, kinaweza kuwa kimegeuka cheupe kwa barafu. Jina lenyewe linatokana na neno la Kinyarwanda isimbi, yaani simbi nyeupe.

Goma iko mita 1.500 hivi juu ya usawa wa bahari; Karisimbi inafika mita 4.507. Kila mita 1.000 za kupanda, joto hupungua karibu nyuzi 6. Hivyo, Mapendo ikiwa na nyuzi 15 usiku, kileleni zinaweza kushuka chini ya sifuri. Baridi hiyo haingoji majira kama kule Ulaya. Inaletwa na urefu wa mlima.

Matone ya wingu yanaweza kubaki maji hata chini ya sifuri. Yakigusa jiwe, majani au koti, yanaganda palepale. Nguo iliyolowa haitunzi joto la mwili, na upepo unamaliza lililobaki.

Mwaka 1908, wapagazi 20 wa mtafiti Mjerumani Egon Kirschstein walikufa Karisimbi katika dhoruba ya theluji. Hawakuuawa na volkano wala nyama wa pori, ila baridi.

Hata anayepanda Nyiragongo, mita 3.470, abebe nguo kavu ndani ya plastiki, na akilowa ashuke mapema.