Gemu Zisizo na Dakika Tisini

Kwenye vibanda vya gemu vya pwani ya Tanga, kuanzia mjini hadi vijiji vya Mkinga kama Moa, bei hutajwa kwa mechi. Wawili wanashika pedi, wanachagua timu, dakika tisini zinabanwa zinakuwa kama kumi, na aliyefungwa anaachia kiti au anatoa jero nyingine. Mwenye kibanda hahitaji saa ya ukutani, maana refa wa kwenye skrini ndiye karani wake. Akipuliza kipenga cha mwisho, hesabu imefungwa.

Sasa mwombe akuwekee gemu ya aina nyingine, ile ambayo mchezaji ni mtu mmoja aliye safarini: anaokota ufunguo huku, anahoji wenyeji kule, anategua fumbo ili mlango ufunguke aone kilichoko nyuma yake. Atakuuliza inachukua muda gani, nawe hutakuwa na jibu. Inaweza kuchukua saa 6, inaweza kuchukua 40, na ukikwama kwenye fumbo inaweza isiishe kabisa. Usimlaumu akirudisha diski ya mpira.

Husemwa kwamba gemu za safari na mafumbo hazikushika kwetu kwa sababu vijana wanapenda mpira. Wanaupenda, nani atabisha? Lakini naona kilichoamua zaidi ni namna muda wa mashine unavyolipiwa, na jambo hilo halikuanzia kwetu. Limeiandama aina hii ya gemu tangu ilipozaliwa.

Nayo ilizaliwa pangoni. Kati ya mwaka 1975 na 1976, Will Crowther, mwandishi wa programu katika kampuni ya BBN huko Massachusetts, Marekani, aliwaandikia binti zake mchezo wa kompyuta. Crowther alikuwa mtu wa mapango. Yeye na mkewe Pat walishiriki kupima na kuchora ramani za Mammoth Cave ya Kentucky, pango refu kuliko yote yanayojulikana duniani, na Pat alikuwemo kwenye kundi ambalo mwaka 1972 lilipata njia inayoliunganisha na mapango ya Flint Ridge. Ndoa yao ilipovunjika, Crowther alilitia pango lile kwenye kompyuta bila picha hata moja. Mashine inakuandikia mahali ulipo na unachokiona. Wewe unaijibu kwa neno moja au mawili, kwamba nenda kaskazini, au chukua taa. Mwaka 1977 Don Woods wa Chuo Kikuu cha Stanford aliongeza hazina na mafumbo, na mchezo ukasambaa chuo kwa chuo kupitia mtandao wa ARPANET. Uliitwa Adventure, na jina hilo likabaki kuwa jina la ukoo mzima.

Aliyewahi kuingia Mapango ya Amboni, kilomita chache kaskazini ya jiji la Tanga, hahitaji maelezo marefu kuhusu uchu wa kujua kilichoko mbele. Mwongozaji anamulika tochi, dari linashuka, njia inagawanyika, na hapohapo hadithi zinaanza: kwamba njia hii inatokea Mombasa, ile inatokea Kilimanjaro, kwamba kuna Wazungu walipotelea humo na mbwa wao akaja kuonekana mlimani. Atakuonyesha pia walikojificha Otango na Paulo Hamisi, waliokuwa wakisakwa na serikali ya kikoloni miaka ya 1950. Hakuna mpimaji aliyewahi kuithibitisha hiyo njia ya Kilimanjaro, lakini mgeni akifika njia panda hulitazama shimo la kushoto kwa jicho jingine. Pango, taa, njia panda na maneno ya anayekuongoza: Crowther hakuhitaji zaidi ya hayo.

Alihitaji kitu kimoja tu cha nje ya pango. Kompyuta aliyotumia, PDP-10, ilikuwa imeshalipiwa na taasisi, kwa hiyo hakuna aliyesimama nyuma ya mchezaji kumdai kila robo saa. Linganisha na gemu zilizokuwa zikitamba madukani wakati huohuo. Space Invaders ya Japani, iliyotoka mwaka 1978, ililipiwa kwa sarafu, na mashine ya sarafu hupata faida mchezaji anapokufa. Nayo ilizidi kwenda mbio kadiri unavyoendelea: ukifa upesi, unaingiza sarafu nyingine. Gemu ya Crowther haikuwa na haraka. Ungeweza kuondoka ukala ugali, ukarudi, ukaikuta inakungoja palepale mlangoni.

Kompyuta zilipoingia majumbani, aina hii ikapata biashara. Mwaka 1980 mume na mke, Ken na Roberta Williams, walitoa Mystery House, iliyotia michoro kwenye maandishi, na kampuni yao, iliyokuja kujulikana kama Sierra, ikatoa King's Quest mwaka 1984. Mwaka 1987 Ron Gilbert na wenzake wa Lucasfilm Games waliondoa kazi ya kuchapa maneno katika Maniac Mansion: ukawa unagusa tu kitendo na kitu kwenye skrini. Mwaka 1993 Myst ya ndugu Rand na Robyn Miller ilitoka kwenye CD, ikauza zaidi ya nakala milioni 6. Ulikuwa ununuzi wa mara moja unaokaa nyumbani kwa miezi, na kukwama kulikuwa sehemu ya bidhaa. Kampuni ya Infocom iliuza hadi vijitabu vya majibu vilivyochapwa kwa wino usioonekana. Ulipaka kalamu maalumu juu ya swali lako tu, ili usijichongee mafumbo yaliyobaki. Sijui biashara nyingine iliyomuuzia mteja tatizo leo, kesho ikamuuzia suluhisho, naye akashukuru mara zote mbili.

Halafu mafumbo yakaanza kuharibika. Mfano unaotajwa sana ni Gabriel Knight 3 ya mwaka 1999, na unastahili kutazamwa kwa karibu. Shujaa anataka kukodi pikipiki iliyowekewa oda kwa jina la rafiki yake, kwa hiyo lazima ajifanye rafiki huyo. Anabandika utepe wa gundi kwenye tundu la kibanda, anamrushia paka maji ili akimbilie tunduni aache manyoya, kisha anayagandisha manyoya yale juu ya mdomo kwa asali ya mti yawe masharubu. Kichekesho ni kwamba rafiki mwenyewe hana masharubu. Inabidi umwibie pasipoti, uyachore masharubu kwenye picha yake kwa kalamu ya wino, ndipo mlingane. Hakuna mtu mwenye akili timamu angeyawaza hayo peke yake. Na kufikia hapo intaneti ilikuwa imeanza kugawa majibu bure, kwa hiyo hata ile faida ya kukwama ikatoweka.

Wengi wakatangaza kifo. Grim Fandango ya 1998, ambayo wahakiki waliisifu mno, haikuuza ilivyotarajiwa, na kampuni kubwa zikaiacha aina hiyo. Ila ukitazama vizuri, kilichotokea kilikuwa mirathi: mali ya marehemu iligawanywa, kila mtu akachukua fungu lake. Tomb Raider ya 1996 ilichukua mapango na milango iliyofungwa, ikaongeza bastola. Uncharted ya 2007 ikachukua ramani na hazina. Grand Theft Auto ikachukua desturi ya kuzungumza na watu ili upewe kazi. Mwaka 2012 kampuni ya Telltale, kwa The Walking Dead, ilichukua maamuzi ya hadithi, ikayaacha mafumbo karibu yote, ikafanikiwa sana. Mwaka 2018 ikafungwa. Mwaka huohuo wa 2012 Tim Schafer, mtunzi wa Grim Fandango, aliomba wapenzi wa mtindo wa zamani wamchangie dola 400,000 mtandaoni. Walimpa zaidi ya milioni 3.3. Na mwaka 2019 Disco Elysium, kazi ya watunzi kutoka Estonia, ilithibitisha kwamba watu bado wako tayari kusoma: ina maneno zaidi ya milioni moja.

Maneno milioni moja ya Kiingereza. Hapo turudi pwani.

Fungu la mirathi lililotufikia sisi lilikuja ndani ya PlayStation 2, hasa kwa GTA: San Andreas ya mwaka 2004. Vijana huziita gemu za misheni. Carl Johnson anarudi mtaani kwao baada ya mama yake kuuawa, anapanda baiskeli kuwakimbia maadui, na kazi moja inafungua nyingine. Kwenye kibanda hadithi hiyo hukatikia njiani. Kuhifadhi ulipofikia kunataka memori kadi, kidude cha MB 8 ambacho mara nyingi hakipo, au kipo na mtoto mwingine ameshafuta safari yako akaweka yake. Umeme ukikatika, Carl anarudi kwenye baiskeli. Wako watu wazima leo walioicheza gemu hiyo miaka mingi na hawajui inaishaje.

Wakajitafutia njia. Ilikuwa kawaida kukuta daftari la shule lenye kurasa za nyuma zilizojaa alama za pembetatu, duara na mraba: kodi za kupata silaha, fedha, gari au helikopta. Ukiwa na nusu saa uliyoilipia, kwa nini uhangaike na misheni usiyoielewa maelezo yake? Unabonyeza kodi, unapata gari, unazunguka mji. Gemu iliyotungwa kwa hadithi ikawa gemu ya matembezi, na hilo nalihesabu kuwa ubunifu wa wachezaji, si uvivu wao.

“Kaka, niachie nimalize hii misheni tu.”

“Misheni hazimaliziki, dogo. Ongeza jero au mpishe mwenzio.”

Mazungumzo hayo amewahi kuyasikia kila aliyekaa kwenye benchi la kibanda, Moa au kwingine.

Lugha nayo ina fungu lake la lawama, ila kwa namna tofauti na tunavyozoea kuisema. Filamu za kigeni zilipata dawa yake zamani. Vibanda umiza, yaani vibanda vya kuonyeshea filamu, vya Dar es Salaam vilimpata msimulizi Lufufu, Kenya ikampata DJ Afro, na sauti ya mtu mmoja ikapandishwa juu ya filamu nzima, na utani juu yake. Filamu inakwenda mbele bila kumngoja mtu, kwa hiyo msimulizi anaipanda tu. Gemu inasimama. Inauliza, inatoa majibu matatu, inasubiri uchague, na ukichagua tofauti na jana inakwenda njia nyingine. Huwezi kuirekodia sauti moja ikatosha. Kinachofanyika ni kwamba kijana wa kidato cha pili, ambaye Kiingereza chake kinatosha, anakaa pembeni ya mwenye pedi akimsomea maagizo: “Anasema umfuate huyo wa kofia, usimgonge.” Yeye halipii na hachezi, lakini akitoka gemu imelala.

Kwa hiyo Tales of Kenzera: Zau ilipotoka Aprili 2024 ikiwa na sauti za Kiswahili kwa anayezitaka, lilikuwa jambo la kuangaliwa. Mtunzi wake, Abubakar Salim, ni mwigizaji wa Uingereza mwenye asili ya Kenya, aliyekuwa sauti ya Bayek katika Assassin's Creed Origins ya 2017. Aliitunga gemu yake kutokana na msiba wa baba yake. Ndani yake kijana Zuberi, aliyefiwa na baba, anafungua kitabu alichoachiwa na marehemu, na humo tunamkuta Zau, mganga mchanga anayekwenda kwa Kalunga, mungu wa mauti, kumwomba amrudishie baba. Malipo ni kumletea mizimu mikubwa mitatu.

Nina la kusema kuhusu mizimu hiyo. Impundulu ni ndege wa radi wa kusini mwa Afrika, GaGorib ni wa Wakhoikhoi, Kikiyaon ni wa Afrika Magharibi, na Kalunga mwenyewe asili yake ni upande wa Kongo na Angola. Msikilizaji wa Moa atasikia lugha yake ikizungumzwa na watu wa mbali, na majini wa pwani hatawaona. Silaumu, Salim alitaka bara zima. Na kama warithi wengine wa ukoo huu, Zau anaruka na kupigana zaidi kuliko anavyotegua mafumbo. Lakini kwa mara moja yule kijana wa kidato cha pili angeweza kuachiwa pedi acheze mwenyewe. Biashara haikuwa rahisi: mwaka huohuo wa 2024 studio ya Salim, Surgent, ilipunguza wafanyakazi na baadaye ikasimamisha kitengo chake cha gemu. Kabla ya Salim kulikuwa na Mkenya Wesley Kirinya, aliyetoa The Adventures of Nyangi mwaka 2007, nayo ya safari na kutafuta vitu vya kale, wakati ambapo karibu hakuna aliyekuwa akimtazama.

Simu imebadilisha hesabu ya kibanda. Simu ni ya mwenyewe, inakumbuka ulipofikia hata umeme ukikatika, na hakuna anayekuhesabia mechi. San Andreas ilitoka kwa ajili ya simu mwaka 2013. Kikwazo kimehamia kwenye bando na nafasi: gemu kubwa ya safari inaweza kula GB kadhaa kabla hujaona chochote. Matokeo yake wengi huzitazama gemu hizo zikichezwa na wengine YouTube, vipande vipande, bando linapokuwepo. Fumbo unalitazama likiteguliwa na mtu mwingine. Ni burudani, lakini ni burudani ya filamu.

Ndiyo maana ninaona kilicho karibu zaidi na Moa ni kile cha zamani kuliko vyote, pango la maandishi. Chris Klimas alitoa mwaka 2009 programu ya bure iitwayo Twine, inayomwezesha mtu asiyejua kuandika kodi za kompyuta kutunga hadithi ya njia panda: unaandika kipande, unaweka machaguo, kila chaguo linaelekea kwenye kipande kingine. Kazi ikikamilika inakuwa faili moja linalofunguka kwenye kivinjari cha simu janja, na hadithi isiyo na picha haizidi uzito wa picha moja ya kamera. Inatumwa WhatsApp, inachezwa bila bando. Mtunzi anayezijua hadithi za Amboni anaweza kuanza na kipande kimoja tu, tochi mkononi na mashimo mawili mbele, kisha ampe yule kijana wa kidato cha pili aisome kwanza. Yeye ndiye anayejua mchezaji wa Moa huishiwa subira kwenye mstari wa ngapi.