Wanaongoja theluji, tunaongoja mvua

Neno «theluji» tunalisoma mara nyingi katika Biblia, lakini wengi wetu hatujaigusa hata siku moja. Watoto wa shule ya Jumapili wanatuuliza: «Mchungaji, theluji ni kitu gani? Ni kama mvua ya mawe?» Tunajibu namna tunavyoweza. Halafu kila mwaka, kati ya Desemba na Februari, jamaa zetu walioko Ulaya wanatutumia picha kwa telefone: magari yamefunikwa na kitu cheupe, watoto wamevaa makoti mawili mawili.

Kuna jambo ambalo picha hizo hazionyeshi. Kule Uingereza kuna watu wanaoingoja theluji hiyo kwa hamu kubwa, jinsi sisi tunavyongoja mvua ya mwezi wa tisa. Tumefuatilia habari zao, na tumeona kwamba namna yao ya kungoja inatuhusu sisi tunaoishi kwa mashamba.

Watu wanaotazama taa ya barabarani

Wengi wa watu hawa si wafanyakazi wa hali ya hewa. Ni watu wa kazi zingine wanaopenda anga. Nyuma ya nyumba wanaweka kipimajoto ndani ya sanduku jeupe lenye mbao zinazopitisha upepo, zaidi kidogo ya mita 1 juu ya udongo, ili jua lisidanganye kipimo. Sanduku la namna hiyo lilibuniwa katika karne ya 19 na Thomas Stevenson, injinia wa Scotland aliyejenga minara ya taa kwa ajili ya meli. Wanasoma joto kila siku, wanaandika katika daftari.

Baridi kali ikitangazwa, hawalali mapema. Usiku wanafungua pazia na kutazama taa ya barabarani, kwa sababu chini ya mwanga wake mtu anaona kama kinachoanguka ni maji au ni theluji. Tone la maji linashuka haraka. Theluji inaelea, inazunguka, inachelewa kufika chini. Mara nyingi wanaona maji tu. Wanafunga pazia, wanangoja nusu saa, wanafungua tena.

Tuliposoma habari hiyo tulimkumbuka mtumishi wa Eliya katika 1 Wafalme 18. Alitumwa mara saba kutazama upande wa bahari, na mara sita alirudi na jibu moja: hakuna kitu. Hakutia chumvi ili kumfurahisha nabii. Aliporudi mara ya saba alisema alichokiona kweli, wingu dogo kama kiganja cha mtu. Tutamrudia mtumishi huyu baadaye.

Kwa nini theluji inawaponyoka

Mtu anaweza kudhani Ulaya yote ni baridi na theluji ni ya kila siku. Si hivyo. Uingereza ni kisiwa kilichozungukwa na bahari, na upepo wake wa kawaida unatoka magharibi, juu ya Atlantiki, ukibeba hewa ya uvuguvugu. Kwa hiyo miezi ya baridi huko, hasa kusini, mara nyingi ni mvua na matope.

Theluji inahitaji vitu viwili vikutane: baridi na unyevu. Maji peke yake si bugali, na unga peke yake si bugali. Upepo wa mashariki, unaotoka upande wa Urusi, unaleta baridi lakini ni mkavu. Upepo wa magharibi unaleta unyevu lakini unakuja na joto lake. Mara nyingi mvua ya Atlantiki inapanda juu ya hewa baridi iliyolala chini, theluji inaanguka saa chache, kisha joto linashinda na yote yanageuka maji. Tofauti ni digrii 1 au 2 tu. Mji ulio bondeni unapata mvua, na kijiji kilicho juu ya kilima, mita 200 tu zaidi, kinaamka cheupe. Ukipanda mita 100, kwa wastani joto linapungua zaidi kidogo ya nusu digrii. Jambo hilo tunalijua: anayetoka Kasindi kupanda Butembo anabeba sweta.

Hapa kuna kitu kinachoshangaza wengi. Mvua nyingi kubwa zinazotunyeshea sisi huku zinaanza zikiwa barafu. Wingu la radi linapanda juu sana, mahali ambapo maji yanaganda, halafu barafu ile inayeyuka ikishuka kabla ya kufika kwenye bati zetu. Ruwenzori inafika mita 5109, yaani kilele chake kinaingia ndani ya baridi ile. Ndiyo sababu asubuhi yenye anga safi watu wa Mutwanga na hata Beni wanaona weupe kule juu. Karisimbi nayo, mita 4507, kuna asubuhi inaonekana nyeupe kichwani. Kumbe theluji si mgeni kwetu. Inapita juu ya vichwa vyetu, lakini inafika ikiwa imeyeyuka.

Hesabu inayorudiwa mara hamsini

Wale wanaongoja theluji hawatazami taa peke yake. Wanasoma pia kazi ya kompyuta kubwa. Kituo cha nchi za Ulaya kinachoshughulikia hali ya hewa, chenye makao yake Reading, Uingereza, hakifanyi hesabu ya siku zinazokuja mara moja tu. Kinairudia kama mara 50, na kila mara kinabadilisha kidogo sana vipimo vya mwanzo. Kwa nini? Kwa sababu hakuna anayejua joto na upepo wa kila mahali duniani kwa usahihi kamili, na kosa dogo la leo linakuwa kubwa baada ya siku kumi. Mwamerika Edward Lorenz alieleza jambo hilo mwaka 1963. Kama hesabu 45 kati ya 50 zinaonyesha theluji, mtu anaweza kuandaa koleo lake. Kama ni 5 tu, alale.

Lakini hamu inadanganya. Wenyewe wanajua ugonjwa wao: kati ya hesabu 50, macho yanakimbilia ile moja inayoonyesha theluji ya kufika magotini, siku kumi mbele. Wanaambiana, wanafurahi. Kesho yake hesabu mpya inaifuta yote, na huzuni inaingia kana kwamba walinyang'anywa kitu walichokuwa nacho mkononi.

Mara nyingine kungoja kunazaa matunda. Katikati ya Februari 2018, hewa iliyo juu sana, kilometa kama 30 juu ya ncha ya kaskazini, ilipata joto kwa ghafla, na pepo za huko zikageuka. Wenye kujua alama hiyo walisema: labda baada ya wiki mbili baridi ya mashariki itafika. Mwisho wa mwezi ule ilifika kweli, na theluji ikafunga barabara na shule. Angalieni lakini neno walilotumia: labda. Kuna miaka ambayo alama ileile inaonekana na Uingereza inapata mvua tu.

Neno moja, mambo mawili

Mwanzilishi wa idara ya hali ya hewa ya Uingereza, mwaka 1854, alikuwa Robert FitzRoy, nahodha wa meli na Mkristo mwenye bidii. Mwaka 1859 tufani ilivunja meli nyingi, mojawapo ikiwa Royal Charter, ambayo peke yake ilipoteza watu zaidi ya 400. FitzRoy akaanza kutumia telegrafu kukusanya habari za upepo kutoka pwani zote na kuonya mabandari. Mwaka 1861 gazeti la London likaanza kuchapisha maono yake kuhusu hali ya hewa ya siku zijazo. Alichagua neno la Kiingereza kwa kazi hiyo, akaeleza wazi kwamba si unabii. Ni maoni yanayotokana na vipimo na hesabu.

Sisi katika Kiswahili tuna shida hapa. Radio inasema «utabiri wa hali ya hewa», na Biblia yetu inasema manabii «walitabiri». Neno ni moja, mambo ni mawili. Kwa hiyo muumini akisikia radio ikisema mvua inaweza kunyesha, halafu haikunyesha, anasema: wale ni waongo. Na mtu mwingine akisimama mbele ya kusanyiko kusema «Bwana amenionyesha, mvua itaanza Jumatatu», tunamwamini bila kumwuliza alipima nini.

Tunaungama kosa letu wenyewe. Mwaka mmoja, mwanzoni mwa Septemba, mvua kubwa ilinyesha siku mbili. Jumapili tulisimama madhabahuni tukatangaza kwa furaha kwamba msimu umefunguka, kila mtu apande. Hatukuwa tumeuliza wazee wanaojua mvua ya udanganyifu, wala hatukusikiliza radio. Watu walitutii. Jua likawaka karibu wiki mbili. Maharagi yaliyokuwa yameota yalikauka, na mama mmoja mjane alitujia, hakulaumu, aliuliza tu kama kanisa lina mbegu ya kumkopesha. Swali lile tunalibeba mpaka leo. Tulikuwa tumegeuza hamu yetu kuwa tangazo.

Furaha ya mmoja, baridi ya mwingine

Tuongeze jambo lingine. Huko Uingereza anayefurahia theluji kwa kawaida ana nyumba yenye joto. Kwa anayelala barabarani, au mzee anayeogopa bei ya umeme, usiku uleule ni hatari. Wapenda theluji wenye busara wanalijua hilo. Daftari lao la vipimo linawasaidia kuonya jirani mapema: barabara itateleza, usitoke asubuhi.

Kwetu mvua iko hivyohivyo. Tunaiombea, na tunastahili kuiombea. Lakini tarehe 4 mwezi wa tano 2023, mvua kubwa juu ya milima ya Kalehe ilishusha maji, matope na mawe juu ya Bushushu na Nyamukubi, na watu zaidi ya 400 walikufa. Wengi tulizika ndugu, marafiki, waumini. Mvua inayootesha mbegu na mvua inayobeba nyumba zinatoka katika anga moja. Anayetazama anga kwa furaha peke yake, hajaitazama bado.

Hata theluji yetu ya Ruwenzori inatuambia kitu. Mwaka 1906, wapandaji kutoka Italia walipochora ramani ya milima ile, barafu yake ilikuwa inafunika zaidi ya kilometa za mraba 6. Miaka mia moja baadaye ilikuwa imebaki chini ya kilometa 1. Tunajua hivyo kwa sababu kuna watu waliopima, wakaandika, na wengine baada yao wakapima tena.

Mkebe na rula

Basi tufanye nini? Hatuna kompyuta kubwa. Lakini kile kinachofanywa nyuma ya nyumba moja ya Uingereza kinaweza kufanywa nyuma ya kanisa la kijiji.

Tuchukue mkebe wenye pande zilizonyoka, mdomo na kitako vikiwa na upana mmoja. Tuusimamishe imara mahali pa wazi, mbali na miti na bati, juu kidogo ya udongo ili matone yanayoruka yasiingie. Kila siku saa moja asubuhi, mtu mmoja aingize rula, asome milimita, aandike tarehe na kipimo, kisha amwage maji. Milimita 1 ni sawa na lita 1 juu ya kila mita ya mraba. Mvua ya milimita 20 juu ya paa la kanisa lenye mita za mraba 50 ni lita 1000. Siku isiyokuwa na mvua aandike sifuri. Sifuri ile ni ya lazima, maana bila hiyo hatutajua kiangazi kilianza lini.

Mwaka wa kwanza daftari halitatufundisha mengi. Mwaka wa tano litaanza kutuambia ni mara ngapi mvua ya mwanzo wa Septemba ilituacha katikati ya njia. Na siku ambayo mkebe utajaa kwa usiku mmoja, kama haujawahi kujaa, wanaokaa kando ya mto watapigiwa telefone mapema, na kengele ya kanisa itakuwa na kazi nyingine.

Kazi hiyo mpeni kijana anayependa mambo ya anga, hata kama wengine wanamcheka. Mfundisheni kitu kimoja kwanza: asione haya kurudi na jibu la mtumishi wa Eliya. Hakuna kitu. Akiweza kulisema hilo mara sita bila kudanganya, siku ya saba tutamwamini.