Flashi Iliyoachana na Kamera: Triga za Redio Kutoka Uwanja wa Ngoma Hadi Mgodini

Shinyanga, mji ulio chini ya digrii 4 kusini mwa ikweta, hupata jua la utosi linalotia vivuli vizito machoni, na flashi iliyopachikwa juu ya kamera, ambayo wapiga picha wengi huitumia kuviondoa, huleta kasoro nyingine, kwa kuwa mwanga wake humpiga mtu usoni moja kwa moja na, juu ya ngozi nyeusi yenye jasho, huacha madoa ya mng'ao mahali palipostahili kuonekana umbo la shavu na paji la uso. Watu wa ukanda huu wanastahili picha bora kuliko hizo, na njia ya kuzipata ni kuisogeza flashi pembeni.

Kazi hiyo hufanywa na triga, yaani kirushio kinachokaa juu ya kamera na kipokezi kilicho kwenye flashi, ambavyo huwasiliana kwa mawimbi ya redio shata inapofunguka. Triga nyingi za sasa, zikiwamo za Godox, hutumia masafa ya gigahezi 2.4, yanayokubalika karibu dunia nzima. Lakini triga za PocketWizard zilizotengenezwa kwa soko la Marekani hutumia takribani megahezi 344 na zile za Ulaya 433, hivyo anayenunua mtumba hana budi kuuliza kifaa kimetoka soko gani, kwani za aina hizo mbili hazisikilizani.

Hata kwa triga, kasi ya shata ina mpaka wake. Shata ya kamera nyingi ina mapazia mawili, na flashi ya kawaida lazima iwake wakati la kwanza limekwisha kufunguka na la pili halijaanza kufunga. Kasi ikizidi sekunde 1/200 au 1/250, kutegemea kamera, pazia la pili huanza safari mapema na picha hutoka na ukanda mweusi.

Faida ya flashi ya pembeni huonekana vizuri zaidi katika bugobogobo, ngoma ya Wasukuma inayochezwa kwa majembe. Uwanja wa kiangazi hutimka vumbi, na flashi ya juu ya kamera huangaza chembe zilizo karibu na lenzi zikawa matone meupe, ilhali ya pembeni huziepuka kwa kiasi kikubwa. Na jioni, mmweko wake mfupi hulikamata jembe likiwa hewani.

Migodini, Geita au Bulyanhulu, hesabu hubadilika. Nyaya za fataki za umeme, yaani viwashio vya baruti, zinaweza kunasa mawimbi ya redio na kuyageuza mkondo wa umeme. Nguvu ya triga ni ndogo sana, lakini kirushio chochote hakiwashwi karibu na mahali panapotegwa baruti bila idhini ya msimamizi wa ulipuaji. Hata palipo salama, mwamba huzuia mawimbi ya gigahezi 2.4, kwa hiyo handaki likikata kona, kipokezi huwekwa mahali kinapoonana na kamera, kisha waya huvutwa hadi kwenye flashi.