Dau la Nyekundu na Nyeusi: Kwa Nini "Nusu kwa Nusu" ya Ruleti Haijatimia Nusu

Katika meza ya ruleti hakuna dau linaloonekana kuwa la haki kuliko lile la kuchagua rangi. Mchezaji huweka fedha zake kwenye nyekundu au nyeusi. Akipatia, hurudishiwa dau lake pamoja na kiasi kingine kama hicho. Akikosa, dau lote huchukuliwa. Kwa mtazamo wa haraka, jambo hilo halina tofauti na kurusha sarafu hewani na kungoja iangukie upande gani.

Hata hivyo, hesabu iliyojengwa ndani ya gurudumu lenyewe inaonesha kwamba dau hilo halina usawa, na kwamba hakuna namna ya kupanga madau inayoweza kuuleta usawa huo. Uelewa wa hesabu hiyo ni muhimu kwa mwananchi yeyote anayefikiria kuingia kasino au kucheza ruleti kupitia simu ya mkononi, hususan pale anapoelezwa kuwa ipo mbinu ya uhakika ya kushinda.

Nchini Tanzania, kasino na michezo mingine ya kubahatisha ni shughuli halali zinazosimamiwa na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha Tanzania kwa mujibu wa Sheria ya Michezo ya Kubahatisha, Sura ya 41, iliyotungwa mwaka 2003. Sheria inamtaka mwendeshaji awe na leseni, na inawazuia watu walio chini ya umri wa miaka 18 kushiriki. Pamoja na hayo, leseni ina mipaka yake: inahusu mchezo kuendeshwa kwa kufuata kanuni, wala haimwahidi mchezaji ushindi. Mchezo unaweza kuendeshwa kwa uadilifu kamili, bila udanganyifu wowote, na bado ukawa umepangwa ili mwendeshaji abaki na faida.

Gurudumu na namba zake

Gurudumu la ruleti la aina ya Ulaya lina vishimo 37. Kati yake, vishimo 36 vina namba kuanzia 1 hadi 36. Nusu yake, yaani 18, ni vyekundu na vingine 18 ni vyeusi. Kishimo cha 37 ni cha sifuri, nacho kina rangi ya kijani. Mchezeshaji hulizungusha gurudumu, huitupa gololi upande wa kinyume, na kishimo itakamotulia ndicho huamua matokeo.

Mbali na rangi, yapo madau mengine mawili ya namna hiyohiyo: kuchagua namba shufwa au witiri, na kuchagua namba ndogo, yaani 1 hadi 18, au kubwa, yaani 19 hadi 36. Yote hulipa moja kwa moja: dau la shilingi 1,000 huleta faida ya shilingi 1,000. Yote pia yana tabia moja inayofanana. Gololi ikitulia kwenye sifuri, si nyekundu wala nyeusi iliyoshinda, si ndogo wala kubwa, na kwa kanuni za mchezo sifuri haihesabiwi kuwa shufwa wala witiri. Madau yote hayo hupotea kwa pamoja.

Hapo ndipo lilipo pengo. Mchezaji wa nyekundu ana vishimo 18 vya kumfaa na vishimo 19 vya kumwangusha. Uwezekano wake wa kushinda ni 18 kwa 37, sawa na asilimia 48.65, ilhali malipo anayopewa ni ya mtu mwenye uwezekano wa asilimia 50.

Kwa mfano, mtu akiweka shilingi 1,000 kwenye nyekundu mara 37, na kila kishimo kikapata zamu yake mara moja, atashinda mara 18 na kupata faida ya shilingi 18,000, kisha atashindwa mara 19 na kupoteza shilingi 19,000. Baada ya kuzungusha jumla ya shilingi 37,000 mezani, atakuwa amepungukiwa shilingi 1,000. Kiasi hicho ni asilimia 2.70 ya fedha zote alizoziweka, na ndiyo sehemu ya mwendeshaji kwa wastani.

Kubadili aina ya dau hakuondoi pengo hilo. Anayechagua namba moja hulipwa mara 35 ya dau lake, lakini anazo namba 36 zinazomkataa. Hesabu yake huishia kwenye asilimia 2.70 ileile. Tofauti ni kwamba huyu hushinda mara chache kwa kiasi kikubwa, na yule wa rangi hushinda mara nyingi kwa kiasi kidogo.

Idadi ya sifuri hutofautiana

Pengo hilo huongezeka au kupungua kulingana na idadi ya sifuri. Mwaka 1843, ndugu wawili Wafaransa, François na Louis Blanc, walitumia gurudumu lenye sifuri moja katika kasino yao ya Bad Homburg, Ujerumani, ili kuwavutia wachezaji waliozoea magurudumu yenye sifuri mbili. Miaka 20 baadaye, François Blanc alichukua uendeshaji wa kasino ya Monte Carlo, Monaco, na gurudumu la sifuri moja likawa ndilo la kawaida barani Ulaya.

Nchini Marekani, gurudumu la sifuri mbili liliendelea kutumika. Lina vishimo 38, na uwezekano wa nyekundu kushinda hushuka hadi asilimia 47.37, hivyo sehemu ya mwendeshaji hupanda hadi asilimia 5.26. Baadhi ya kasino za Las Vegas zimeongeza hata sifuri ya tatu, na kuifikisha sehemu hiyo asilimia 7.69. Kwa upande mwingine, zipo meza zinazofuata kanuni ya Kifaransa ya kumrudishia mchezaji wa rangi nusu ya dau lake pale gololi inapotulia kwenye sifuri. Katika meza hizo, sehemu ya mwendeshaji kwa madau ya aina hiyo hushuka hadi asilimia 1.35. Hupungua, lakini haiishi.

Haba na haba hujaza kibaba

Asilimia 2.70 huonekana kuwa kiasi kidogo, na wengi hukosea kwa kudhani kuwa inahesabiwa kutokana na fedha walizoingia nazo. Ukweli ni kwamba huhesabiwa kutokana na jumla ya madau yote yaliyowekwa. Mchezaji aliyeingia na shilingi 100,000 na kuweka shilingi 10,000 kila mzunguko, kwa mizunguko 100, atakuwa amepitisha mezani shilingi 1,000,000, kwa sababu fedha zilezile hushindwa, hurudi na kuwekwa tena. Kwa wastani atapoteza takriban shilingi 27,000, zaidi ya robo ya fedha alizoingia nazo.

Muda nao huegemea upande wa mwendeshaji. Katika mzunguko mmoja, mchezaji wa nyekundu ana uwezekano wa karibu asilimia 49 wa kutoka na faida. Baada ya mizunguko 100 yenye dau lilelile, uwezekano wa kuwa mbele hushuka hadi takriban asilimia 36. Baada ya mizunguko 1,000 huwa takriban asilimia 19, na baada ya mizunguko 10,000 hubaki watu watatu hivi kati ya kila 1,000. Kasino haihitaji kumshinda kila mtu kila usiku. Inahitaji tu gurudumu liendelee kuzunguka.

Hali hiyo huonekana wazi zaidi kwa mtu anayetaka kuzifanya shilingi 100,000 ziwe 200,000. Akiweka zote mara moja kwenye rangi moja, uwezekano wa kufanikiwa ni asilimia 48.65. Akiweka shilingi 10,000 kila mara hadi afikie lengo au zimwishie, uwezekano hushuka hadi takriban asilimia 37. Akiweka shilingi 1,000 kila mara, akiamini kuwa anacheza kwa tahadhari, uwezekano wake ni chini ya mmoja kati ya 200. Hesabu hii haimaanishi kuwa ni busara kuweka fedha zote kwa mara moja, kwani hata hapo anayetarajiwa kupoteza ni mchezaji. Inaonesha kuwa kila mzunguko wa ziada una gharama yake.

Mbinu ya kuongeza dau mara mbili

Mbinu inayotajwa sana kwa wachezaji wa rangi ni ile inayojulikana kimataifa kwa jina la Martingale. Mchezaji huanza na dau dogo. Akishindwa, huliongeza mara mbili, na huendelea hivyo hadi ashinde. Ushindi mmoja hufidia hasara zote zilizotangulia na kumwachia faida sawa na dau la kwanza. Kwa maneno, mbinu hiyo haionekani kuwa na kasoro.

Kasoro hujitokeza kwenye mfuko. Anayeanza na shilingi 1,000 atalazimika kuweka 2,000, kisha 4,000, 8,000, 16,000, 32,000 na 64,000. Akishindwa mara saba mfululizo, atakuwa amepoteza shilingi 127,000, na dau linalofuata ni shilingi 128,000, ambazo huenda hana. Hata akiwa nazo, meza za kasino huwa na ukomo wa dau la juu, na ukomo huo huikata mbinu hiyo njiani.

Kushindwa mara saba mfululizo hutokea kwa wastani mara moja katika kila majaribio 106 hivi. Kwa sababu hiyo, wengi wanaoitumia mbinu hii huiona ikifanya kazi kwa siku kadhaa na kuwasimulia wenzao mafanikio yao kwa nia njema. Lakini katika majaribio 10,000, yale 9,906 yatakayofaulu huingiza shilingi 9,906,000, na yale 94 yatakayoanguka hugharimu shilingi 11,938,000. Mbinu hiyo huzificha hasara kwa muda, kisha huzileta zote kwa siku moja.

Gololi haina kumbukumbu

Chanzo kingine cha hasara ni imani kwamba rangi iliyokosekana kwa muda mrefu "imekaribia" kutoka. Mfano unaotajwa zaidi ni wa Monte Carlo, tarehe 18 Agosti 1913, ambapo gololi iliangukia nyeusi mara 26 mfululizo. Kadiri nyeusi ilivyojirudia, ndivyo wachezaji walivyozidi kumwaga fedha kwenye nyekundu, wakiamini kuwa haiwezi kuchelewa zaidi. Kasino iliondoka na fedha nyingi usiku huo.

Uwezekano wa rangi iliyotajwa mapema kutoka mara 26 mfululizo ni takriban mmoja kati ya milioni 137. Lakini baada ya mara 25 kupita, uwezekano wa nyeusi kutoka mara ya 26 ulikuwa uleule wa 18 kwa 37. Gurudumu halikumbuki kilichotangulia na halina deni na rangi yoyote. Mchezaji ambaye angeanza kuweka faranga 1 kwenye nyekundu baada ya nyeusi 15, akiongeza dau mara mbili kila aliposhindwa, angekuwa amepoteza faranga 2,047 kufikia mara ya 26. Angetakiwa kuweka faranga nyingine 2,048 ili, akishinda, apate faida ya faranga 1.

Mambo ya kuzingatia

Hesabu hizi zinahusu pia ruleti inayochezwa kwa njia ya kielektroniki, ambako mizunguko huwa ya haraka zaidi na hivyo fedha hupita kwa kasi zaidi. Mwananchi anayeamua kushiriki anapaswa kwanza kujiridhisha kuwa mwendeshaji ana leseni ya Bodi, na kufahamu idadi ya sifuri zilizomo kwenye gurudumu analolichezea.

Aidha, ni vyema fedha za mchezo zikahesabiwa kuwa gharama ya burudani, kama ilivyo tiketi ya mpira au ya muziki, kiasi ambacho mtu yuko tayari kukikosa tangu anapoondoka nyumbani. Fedha za ada ya shule, kodi ya nyumba, mtaji wa biashara au mkopo hazifai kuingia kwenye hesabu hiyo. Anayejikuta anaongeza dau ili kurudisha kilichopotea, au anayeificha familia kiasi alichopoteza, anapaswa kusimama na kutafuta ushauri mapema.

Kucheza kistaarabu huanza na kufahamu kile kinachouzwa mezani. Anayeweka dau kwenye nyekundu hununua msisimko wa sekunde chache, na katika kila shilingi 37 anazoziweka hulipia msisimko huo shilingi 1 kwa wastani. Anayeijua bei hiyo anaweza kuamua kama anaimudu. Anayeambiwa kuwa ipo mbinu ya kuikwepa anapaswa kukumbuka kuwa kishimo cha kijani hubaki mahali pake, kwa mbinu yoyote atakayoitumia.